Nilivyojifunza kuskii Wengen nikiwa mtu mzima

Naandika hii kwa ajili ya dada na kaka zangu mlioko huku Ulaya ambao kila ikifika Februari watoto wanatoka na skii zao, zile mbao ndefu za kufunga miguuni na kuteleza kwenye theluji, na nyie mnabaki chini mgahawani mnalinda mabegi. Mi nilikua hivohivo miaka mingi tu. Hapa Uswisi shule nyingi zinapeleka watoto kambi ya skii, wiki nzima, mtoto akirudi ni stori za mlima mpaka usiku, na binti yangu mkubwa ndo siku moja akaniambia, Mama, mwaka huu na wewe unakuja, sio kutuangalia, unakuja kuskii. Nikakubali. Na sasa hivi nashuka mteremko wa bluu, yaani ule rahisi, toka juu mpaka chini mwenyewe bila kushikwa mkono, hata mwekundu, yaani mgumu kidogo, ule usiokua mkali sana naushuka, kwahiyo naona nieleze ilivyokua maana kipindi natafuta maelezo kwa Kiswahili ya mtu mzima anayeanza bila kujua chochote sikupata kitu.

Nianze na kijiji maana kwangu kijiji kilisaidia kuliko kitu kingine chochote. Tulienda Wengen. Kiko kwenye bega la mlima juu ya bonde la Lauterbrunnen, mita 1,274, na barabara ya magari ya kawaida haifiki kule. Wenye magari wanayaacha Lauterbrunnen, sisi tulitoka Bern na treni, unabadilisha stesheni ya Interlaken Ost, afu ukifika Lauterbrunnen unaingia kwenye treni ndogo ya meno, yaani katikati ya reli mbili kuna reli nyingine yenye meno na gurudumu la treni linashika pale ili lisirudi nyuma, reli hiyo ipo toka 1893. Mnapanda taratibu kama robo saa hivi, chini unaona maporomoko ya Staubbach yanavyoanguka toka juu ya jabali karibu mita 300, nyumba za mbao zinabaki chini zinakua ndogo, afu mnatokea kijijini. Pale stesheni kuna vigari vya umeme vya mahoteli vinachukua mizigo, nyie mnatembea kwa miguu kwenye theluji. Kimya chake jamani, unasikia watu wanaongea tu na kengele ya kanisa.

Sasa kwanini ni pazuri kwa anayeanza. Uwanja wa kujifunzia uko katikati ya kijiji kabisa, huhitaji kupanda mlimani ndo uanze, unatoka ulipolala unatembea dakika chache uko darasani. Na reli inaendelea kupanda pembeni ya miteremko mpaka Kleine Scheidegg, mita 2,061, na njiani kuna stesheni za Allmend na Wengernalp, maana yake ukichoka, au wingu likishuka, au miguu ikikataa tu, unavua skii unasubiri treni unarudi nyumbani kwa heshima yako. Kwa mtu mwenye hofu hii ni dawa kweli, maana kinachotisha mlimani ni ile kuona ukishapanda juu huna njia nyingine ya kurudi zaidi ya kuteleza. Na hakuna anayekushangaa kwenye treni na skii zako, watu wa pale wamezoea karne nzima, kuna klabu ya Waingereza ilianzishwa palepale Wengen 1925 inaitwa Downhill Only, kwasababu wao walikua wanapanda na treni afu wanashuka tu, wakati zamani zile watu wengi walikua wanapanda kwa miguu huku wamebeba skii.

Kuhusu buti naomba mnisikilize vizuri, hapa ndo watu wengi wanachukia mchezo mzima bure. Duka la kukodi watakuuliza urefu, uzito, umri na kama umeshawahi kuskii, uzito taja ule wa kweli kabisa usipunguze hata kidogo, maana wanautumia kukaza kile kifaa kinachoshika buti kwenye skii, kikikazwa kuliko inavyotakiwa buti halichomoki ukianguka na goti ndo linaumia. Soksi vaa moja tu, ndefu, nyembamba. Mbili zinakunja na zinabana damu na vidole vinapata baridi zaidi. Nguo ya ndani ya kubana isiingie kwenye buti, ishie juu, ndani libaki soksi na ngozi. Ukisimama wima vidole viguse mbele, ukikunja magoti virudi nyuma kidogo, hapo ni saizi yako. Yule kijana wa dukani alinivalisha buti za aina mbili tofauti, nikakaa nazo nikatembea humo ndani mpaka nikaridhika, na hakununa hata kidogo. Kubana lazima zibane ila zisiumize.

Nywele pia. Akina dada helmeti na rasta nene za juu haviendi. Nilisuka twende kilioni za kulala kichwani nikavaa na kitambaa chembamba, helmeti ikakaa vizuri siku zote. Na mafuta ya jua pakeni, msidanganywe kwamba ngozi nyeusi haiungui, theluji mpya inarudisha mionzi mpaka asilimia 80 na huko juu jua lenyewe ni kali zaidi, midomo na chini ya pua ndo panaungua kwanza.

Nilichukua mwalimu toka mwanzo. Nasisitiza, sio mume, sio rafiki, sio mtoto, mwalimu wa shule ya skii. Alikua mzee wa palepale, mpole, anaongea Kijerumani cha kwao ila kwangu akaongea taratibu. Asubuhi ya kwanza tulivaa skii mguu mmoja tu tukawa tunazunguka uwanjani, afu mguu mwingine, afu kupanda kwa ubavu hatua kwa hatua, afu kuanguka na kuamka, ndio, kuamka kunafundishwa, unalaza skii ziukate mteremko ziwe upande wa chini yako ndo unasukuma. Kabla ya kubana buti kwenye skii unakwangua theluji chini ya soli, ikibaki haiingii. Afu ndo pluga, ncha za mbele zinakaribiana visigino vinasukumwa nje, watoto wanaiita pizza, ndo breki yako.

Lakini kilichonifungulia mlango kabisa ni hiki. Mwili wako ukiona mteremko unarudi nyuma wenyewe, unaegemea mlima, kila mtu yuko hivo. Na ukiegemea nyuma ncha za skii zinakua nyepesi hazikusikii tena, zinaenda zinakotaka na spidi inaongezeka. Mwalimu akasema bana ugoko mbele kwenye ulimi wa buti, mikono mbele ionekane, kama umebeba sinia la chai unampelekea mgeni, na macho yaangalie unakotaka kwenda, sio miguuni. Yaani unatakiwa uelekee kulekule kunakokutisha. Mara ya kwanza moyo ulinienda mbio lakini nilipobana ule ugoko nikasikia kabisa skii zimeshika, nikiweka uzito mguu wa kushoto zinakata kulia, nikiweka wa kulia zinakata kushoto. Nilisimama chini nikalia machozi kidogo, ya furaha, mwalimu akanisubiri tu.

Jioni hiyo nikampigia mama yangu kule Moshi kwa video. Mwanangu, akaniuliza, hiyo baridi yote na kifua chako hicho unatafuta nini huko? Nikamwambia Mama, theluji nimekua nikiiona kule Kibo, kilele cha Kilimanjaro, asubuhi nikienda shule, kila siku ya Mungu, sasa nataka niikanyage. Akasema haya, Mungu akutangulie, ila vaa nguo ya kutosha.

Tulipotoka ule uwanja wa kujifunzia tukapanda na treni, tukaanza juu kidogo ya Wengernalp, na hapo ndo unakutana na milima mikubwa ana kwa ana, Eiger mita 3,967, Mönch, Jungfrau mita 4,158, zimesimama mbele yako kama hatua chache tu. Mwalimu alikua mbele, tunakata mteremko kwa upana wote, unaenda ukingo huu unageuka unaenda ukingo ule, hakuna sheria ya kushuka moja kwa moja. Sheria iliyopo ni kwamba anayetoka nyuma ndo anamkwepa wa mbele, kwahiyo akipita kijana kwa kasi usigeuke kumtazama, kazi ya kukukwepa ni yake, wewe enda na mduara wako. Ila ukisimama simama pembeni, mahali unapoonekana na wanaotoka juu. Na nguzo za pembeni zina rangi na namba ya mteremko, wingu likishuka kila kitu kinakua cheupe huoni hata shimo, zifuate hizo nguzo, sisi siku ya hivo tulizifuata mpaka stesheni tukapanda treni.

Palepale jirani ndo panapofanyika mbio za skii za Lauberhorn kila Januari, zipo toka 1930, njia ina zaidi ya kilomita 4, na kuna sehemu wanapita chini ya reli hiyohiyo tuliyopanda sisi. Tuliona zile kona zake. Binti yangu akasimama pale akaniambia Mama hapa wanapita zaidi ya kilomita 100 kwa saa, macho yamemtoka.

Na wale mnaoambiwa huu sio mchezo wetu, Philip Boit wa Kenya aliskii Olimpiki ya Nagano, Japani, 1998, na Sabrina Simader aliyezaliwa Kilifi akakulia Austria alikua mwanamke wa kwanza wa Kenya kwenye Olimpiki ya majira ya baridi, 2018. Binti yangu anawajua wote wawili.

Gharama sitadanganya, ni kubwa. Tulipunguza kwa kukodi vifaa badala ya kununua, kwa kadi ya nusu nauli ya treni, na kwa kupika wenyewe kwenye fleti. Somo nilichukua la kundi asubuhi tu, mchana nafanya mazoezi mwenyewe kwenye ule uwanja wa kijijini. Pasi ya mlima mzima, yaani tiketi ya kupandia miteremko yote, usinunue mapema, muulize kwanza mwalimu, kwenye uwanja wa kujifunzia huihitaji. Mkipata nafasi nendeni Machi, siku ni ndefu na baridi imelegea, ila skiini asubuhi, mchana theluji inakua nzito inachosha miguu. Sisi tunarudi Machi hii, safari hii na mdogo wangu anatoka mji wa Thun, buti zake tumeshaweka oda.