Baiskeli ya 531: fremu imenyooka, sasa tunahangaika na ringi

Haya, kwa wanaoulizia imefikia wapi, fremu imetoka kwa mafundi na inasubiri rangi. Bado sijaifunga kitu chochote.

Kwa mgeni wa huu mradi, hii ni baiskeli ya resi iliyotengenezwa kwa mkono Uingereza, mwalimu mmoja alimwachia mjomba wangu alipomaliza mkataba akarudi kwao, mjomba akaitumia mpaka tairi zikaisha afu ikaingia stoo Tandika, Dar, ikakaa humo miaka yote. Beji ya mbele ilishang'oka kwahiyo aliyeitengeneza hatumjui, ila kwenye bomba la siti stika ya Reynolds 531 bado inasomeka, na ile mashine ya nyuma ya kuhamisha gia ni Campagnolo Nuovo Record imegongwa PATENT 74, yaani kama ndo iliyokuja nayo basi tunaongelea miaka ya sabini katikati hapo.

Watu wengi wakiiona wanasema peleka skrepa, chuma kikuukuu hicho. Mi nawaambia hapana. Reynolds wa Birmingham walianza kuuza bomba za 531 mwaka 1935, ni chuma kilichochanganywa manganizi na molibdenamu, bomba ni nene kwenye ncha zinapoungwa na katikati linabaki karibu nusu milimita tu, ndo maana fremu nzima ni nyepesi hivyo. Afu angalia maungio yenyewe, mtu alikaa na tupa akayapunguza kingo mpaka ukipitisha kucha pale ungio linapoishia kwenye bomba kucha haikwami. Kazi kama hiyo huipigi nyundo kwa mtu wa kilo. Na zuri zaidi ni kwamba chuma hiki kinarekebishika hapahapa mjini, na mafundi tunaopishana nao kila siku, hakuna cha kusubiri mtu wa Ulaya.

Kilichonichukua muda ni masikio ya nyuma, pale eksele inapokaa. Baiskeli ya gia tano za enzi hizo nafasi yake ni milimita 120, mi nataka friwili ya gia sita ambayo inahitaji 126. Fremu ya alumini au kaboni usijaribu kabisa, itapasuka, ila chuma kinakubali kupanuliwa kikiwa baridi. Unachukua mbao ya mbili kwa nne, unaipitisha kati ya miguu ya nyuma ikiegemea bomba la siti, unakandamiza upande mmoja taratibu, unaachia, unapima. Chuma kina tabia ya kurudi, ukikisukuma milimita tatu hakisogei hata kidogo, lazima ukipitishe mbali ndo kikirudi kibaki pale unapotaka. Na kila upande unafanywa peke yake, kwasababu ukivuta pande zote kwa pamoja ule dhaifu ndo unaofunguka wote na gurudumu linakaa upande.

Kupima ni uzi tu wa fundi mwashi. Unaufunga sikio la kulia, unauzungusha mbele ya bomba la usukani, unaurudisha sikio la kushoto, afu unachukua venia, kile kipimo cha taya cha milimita, unapima kutoka kwenye uzi mpaka bomba la siti, kulia na kushoto. Vikilingana, fremu imenyooka. Yangu ilianza na tofauti ndogo upande wa kushoto, nikaikandamiza tena kidogo kidogo, sasa venia inasoma sawa pande zote. Ila ukishapanua masikio yenyewe yanabaki yamepinda kidogo, hayatazamani tena, na eksele ikikaa kwenye masikio ya hivyo siku moja inakatika. Hapo nikaenda eneo la Gerezani kwa fundi wa kukereza, akanichongea bolti mbili nene zenye vichwa bapa, unafunga moja kila sikio, vichwa vinaangaliana, vikiacha mwanya sawa juu na chini ujue umemaliza. Hukohuko akanichongea na spesa za habu ya nyuma, maana eksele sasa ni ndefu zaidi.

Sasa sikilizeni hili la kuchomelea. Kale kashikio ka waya wa gia kwenye mguu wa nyuma wa kulia kalikuwa kamekatika. Fundi wa mageti atakwambia lete nipige umeme mara moja, USIKUBALI. Bomba jembamba hivi la 531 halitaki moto wa umeme, linadhoofika pembeni ya weldi na linaweza kutobolewa kabisa. Hizi fremu ziliungwa kwa gesi, kwa shaba njano au kwa silva, yaani fimbo zenye madini ya fedha, na silva inayeyuka kwenye nyuzi 600 na kitu wakati shaba njano inakaribia 900, kwahiyo bomba haliteseki. Na nani mjini anashika silva kila siku? Fundi friji! Nikamfuata mmoja Ilala, akaiangalia kazi akacheka, "Kaka, silva siku hizi bei juu, si nikupigie hizi za shaba tu, zinashika vizuri?" Nikamwomba tutumie silva na flaksi yake, ile dawa inayopakwa ili silva ishike, kwasababu zile fimbo za shaba za friji zina fosforasi ndani, kwenye bomba la shaba ni safi ila kwenye chuma kiungo kinakuwa kikavu na kinapasuka. Akanielewa haraka, mtu anajua kazi yake. Akasafisha kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akapaka flaksi, akazungusha moto, silva ikakimbia yenyewe chini ya kashikio pande zote. Kazi ya dakika chache, safi sana.

Kwenye boksi la krenki neno moja tu kwa atakayefungua ya Kiingereza: kikombe cha upande wa mnyororo uzi wake ni wa kinyume, kinalegea ukizungusha kulia. Wengi wanakaza wakidhani wanafungua.

Ringi sasa. Fremu ilijengwa kwa gurudumu la 27, ambalo kipimo chake ni 630, yaani milimita za kipenyo pale tairi linapokaa kwenye ringi, na tairi zake hapa ni shida kupata. Kariakoo ukiomba 28 unaletewa ya Phoenix, 28 kwa moja na nusu, hiyo ni 635. Ya resi za kisasa, 700C, ni 622. Zote hizo watu wanaziita 28 wakati haziingiliani hata kidogo, kwahiyo achana na jina, soma ile namba ndogo iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. Nimechagua 622 kwasababu baiskeli za milimani za 29 nazo ni 622 hiyohiyo, maana yake ringi na mipira haitakosekana. Breki zinatakiwa zifike chini milimita 4 zaidi, nimepima, pedi zinafika na nafasi inabaki. Na ule upungufu unanipa mwanya wa kuweka tairi pana ya 32, kwa barabara zetu hizi na mchanga wa pembeni naihitaji.

Siti ni Brooks, vyuma vizima, ngozi imekauka imepasuka. Kuna mzee anashona mikanda na viatu amekubali kunikatia mpya, milimita tano, ila ngozi lazima iwe iliyotengenezwa kwa magome, ile ya krom inanyooka inakuwa kama machela. Ngozi bado anaitafuta.

Kabla ya rangi namimina linsidi ya mafundi seremala ndani ya kila bomba, nageuza fremu pande zote, naacha ikauke, maana chumvi ya hewa yetu inakula kuanzia ndani. Rangi ni bluu iliyoiva, ile ya mwanzo, nimeikuta safi chini ya kikombe cha shingo. Habu ni matundu 36, ringi 36, zimebaki spoku tu, kuna fundi anakata na kuzipiga uzi kwa urefu unaotaka, nikizipata nasuka magurudumu mwenyewe na nitaandika hatua kwa hatua. Mwenye vishikio vya breki vya Campagnolo vya zamani, hata kimoja cha kushoto, anitafute.