Rangi ya mtakatifu wao

Tangu Jumatano kuna sentensi moja inanizunguka kichwani na haitaki kutoka. Nilikuwa napandisha ngazi na mchele wangu kutoka Ballarò, lile soko la hapa Palermo, Italia, nililowaambia, Waghana na Wabangladeshi wanauza bega kwa bega na wenyeji. Yule bibi wa ghorofa ya tatu, anayeteremsha kapu kwa kamba kutoka roshani ili atiliwe mkate, akanisimamisha. Akanitazama usoni, akasema: "Una rangi ya mtakatifu wetu."

Nikajibu, "Ahsante, signora."

Ahsante ya nini hasa? Tumepanga wanafunzi wanne humu, kuna Mturuki, kuna Mpolandi, na hakuna mwingine aliyeambiwa rangi yake. Mama kwenye simu akasema, "Si umesifiwa, mwanangu?" Dada Zuhura akadakia nyuma yake: "Muulize kama jina lako analijua." Hapo ndipo palipouma. Nimeirudia sentensi ile nikioga, nikiwa kwenye foleni ya posta na maombi ya kibali cha kuishi, hata profesa wa udongo alipofungua somo letu la kwanza pale chuoni Viale delle Scienze, nikasikia nusu nusu.

Jumapili akaniita ndani. Ukutani, juu ya jiko, pana picha iliyorukiwa na mafuta: mtawa mweusi tii, joho la kahawia, amempakata mtoto. San Benedetto il Moro, yaani Mtakatifu Benedikto Mweusi. Wazazi wake walikuwa Waafrika waliotiwa utumwani; yeye akazaliwa mwaka 1526 huko San Fratello, kisiwani hapa hapa Sisilia, akaja kuwa mpishi wa watawa Palermo, akafariki 1589. Bibi humwomba kila anapobandika chungu. Kisha akanisimulia moto wa Julai 2023 uliounguza kanisa la Santa Maria di Gesù, pamoja na masalia ya mwili wake yaliyotunzwa humo zaidi ya karne nne. Akalia. Kilio cha mfiwa nakijua, nilikiona kwetu tulipomzika babu. Nikamshika mkono.

Ndipo akaniuliza jina. "Mwanaidi." Akalirudia taratibu mpaka likamkaa mdomoni.

Hasira zimenitoka, sikatai. Lakini sasa ninayemuwaza ni Diana, mama yake Benedetto. Hilo jina alipewa na nani? Kwao hasa ni wapi, na kuna aliyewahi kumwuliza? Mwanawe amewekewa sanamu na sala, mwaka 1807 Papa akamtangaza mtakatifu. Yeye ametajwa kama mtumwa tu, basi. Usiku nimelala namfikiria kama mtu wa ukoo wetu.

Salim, kama unasoma hapa, pokea simu. Mama anasema vuli imeanza Tanga na bati la jikoni bado halijapigiliwa. Pesa nilikuachia kabla sijapanda ndege.