Nyumba ya mama Tanga: nililipa mkaguzi wa mchwa kabla sijanunua hata tone la dawa

Nyumba ya mama ipo Ngamiani, Tanga, ni zile za zamani, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani jiko na choo na kisima. Mama anakaa na wapangaji, sisi watoto tumetawanyika, mimi Dar, kaka Mwanza, mdogo wetu Arusha. Masika yaliyopita mama akapiga simu, eti fremu ya mlango wa chumba cha mbele imelainika, ukiibonyeza kidole kinazama kama kwenye keki, na rangi kwa nje haina hata mkwaruzo. Hapo ndo grupu la familia likawaka.

Kaka akawa ameshapata kampani ya fumigesheni, kwa simu tu, wakamuuliza nyumba ina vyumba vingapi wakataja bei, milioni na ushee, inapigwa dawa nyumba nzima ndani na nje, mkimaliza mnasahau mchwa. Mdogo wetu yeye ni mtu wa oil chafu, anasema hata babu alikuwa anapaka oil chafu na nyumba ikasimama. Mimi nikasema jamani, mtu ambaye hajaiona nyumba anajuaje mchwa wanaingilia wapi? Mi nataka kwanza mtu wa kukagua, alipwe kukagua tu, aandike alichokiona, halafu ishu ya dawa itafuata. Kaka akaandika, "Kwa hiyo tunamlipa mtu aje aangalie mchwa?" Nikamjibu ndiyo kaka yangu, tunamlipa aje aangalie mchwa.

Kumpata huyo mtu kulikuwa na kazi yake. Wengi ukiwapigia wanakwambia ukaguzi ni bure, na bure yenyewe ndo hiyo, anakuja na pampu mgongoni, hajamaliza kuzunguka nyumba ameshapata jibu, na jibu ni dawa aliyonayo kwenye gari. Niliokuwa nawapigia niliwauliza mambo mawili tu: una kibali cha TPHPA, ile Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ambayo ndo inasajili hizi sumu, na je utanipa ripoti ya maandishi yenye picha hata kama sitanunua dawa kwako. La pili ndo lilikuwa linawakwamisha. Mmoja akakubali bila kujiuma uma, akataja hela ya ukaguzi, laki na kitu, na akasema nikimpa kazi ya dawa atakata hiyo hela humo humo. Nikapanda basi kwenda Tanga.

Alivyofika, "Shikamoo mama," "Marahaba baba, karibu," kisha nikategemea ataenda moja kwa moja kwenye ile fremu. Wala. Akakaa na mama kwenye baraza akaanza kumuuliza, kumbikumbi mliwaona wakitokea ndani ya nyumba au walikuja tu kwenye taa? Mama akasema mwaka huu baada ya mvua zile za kwanza alifagia mabawa mengi dirishani chumba cha mbele. Fundi akaandika. Baadaye akanielewesha, kumbikumbi ni mchwa hao hao wanaotoka kwenda kuanzisha koloni jipya, wakija kwenye taa toka nje hilo ni la kawaida kila masika, ila mabawa yakijaa ndani ya dirisha lililofungwa maana yake wametokea humo humo.

Halafu akaanzia nje, polepole, anatembea ameinama. Kwenye uchochoro, upande wa chumba cha mbele, kulikuwa na mbao za kitanda kibovu cha mpangaji zimeegeshwa ukutani, na udongo umepanda miaka na miaka mpaka msingi hauonekani tena, na juu yake kuna bomba linadondosha maji kidogo kidogo ambalo kila mtu amelizoea. Akasogeza mbao. Nyuma yake vinjia vya udongo vimepanda ukuta, vyembamba kama penseli vile, vinaingia kwenye ufa chini ya dirisha. Akachukua bisbisi akavunja kipande kimoja, udongo wenyewe mbichi, na humo ndani weupe wanakimbizana, halafu wakatokea wenye vichwa vikubwa vyekundu wakasimama pale penye tundu wanatikisa vichwa. "Hao askari dada, wenzao wanaenda kuleta udongo wa kuziba." Na kweli, tulivyorudi jioni pameshazibwa, udongo bado una unyevu.

Kilichonifurahisha ni kwamba kulikuwa na kinjia kingine ukumbini nyuma ya mlango, kirefu, cha kutisha kuliko kile cha nje, mama ndo alikuwa anakiogopa hicho. Fundi akakivunja, kikavu, unga mtupu, hakuna kitu. Akasema msipaguse, mama awe anapaangalia, pasipozibwa basi hao waliondoka zamani. Hapakuzibwa. Ina maana ile kampani ya simu ingetutoza hela ya kuua mchwa ambao hawapo.

Kila fremu akaigonga kwa mpini wa bisbisi, anasikiliza. Mlango mkubwa wa mbele ni mninga wa enzi za babu, unalia mzito, hawajaugusa. Ile fremu mbovu ni mbao laini iliyowekwa siku za karibuni, inalia kama boksi. Akapanda darini na tochi, akakaa huko mpaka mama akaanza kuwa na wasiwasi, akashuka na utando wa buibui kichwani akasema juu kuko safi, dari msipige dawa yoyote.

Sasa chumbani kwa mama ndo kukawa na jambo ambalo hakuna mtu alikuwa analitegemea. Kuna kabati la nguo, mama alinunuliwa na baba walipooana, na kila asubuhi chini yake kuna unga unga ambao mama anaufagia, anasema ni dumuzi. Fundi akauzoa kiganjani, akauweka chini ya kioo cha kukuzia, akanipa niangalie. Si unga! Ni chembe, kila moja ina umbo lake, ndefu kidogo, ina pande sita, kama mbegu ndogo ndogo za kahawia na nyeusi. Hicho ni kinyesi cha mchwa wa mbao kavu, hawa hawahitaji udongo kabisa, wanaishi humo humo ndani ya mbao, na pwani wapo wengi. Dumuzi angeacha unga laini kweli. Kwa hiyo nyumba ina mchwa wa aina mbili, na hata ungemwaga pipa zima la dawa kwenye msingi hawa wa kabati wasingejua kama kuna kitu kimetokea.

Halafu kisima. Akasimama pale uani akauliza maji haya mnatumia? Mama akasema tunafulia, tunaoshea vyombo, na bomba likikatika tunapikia. Akaniambia upande huu wote wa uani haimwagwi dawa ya udongo, mtu akija kuwaambia achimbe mtaro wa kumwagia dawa kuzunguka nyumba nzima mkatalieni. Nikamuuliza kaka kwenye simu ile kampani ilimuuliza kama kuna kisima. Kimya.

Ripoti ilikuja kwa WhatsApp, mchoro wa nyumba umechorwa kwa mkono, wapi wapo hai, wapi walishaondoka, wapi mbao imeoza kwa maji tu wala si mchwa (fremu ya choo, hiyo sote tulikuwa tumeihesabia mchwa), na picha. Na mpangilio wa kazi: kwanza tengeneza bomba, ondoa mbao, shusha udongo mpaka msingi uonekane. Baada ya hapo ndo mtaro upande wa uchochoro na mbele tu, na dawa ya fipronili, akaeleza kwamba hiyo mchwa hawaishtukii, wanapita nayo wanaambukizana mpaka kwenye koloni, tofauti na zile zinazowafukuza tu wakatafute tundu lingine. Kabati akalitoboa vitundu vidogo nyuma akapiga sindano, maana mama alishasema kabati halitoki.

Jumla yote, ukaguzi, dawa, fundi bomba na fremu mpya ya mbao ya treated, yaani iliyotiwa dawa, haikufika nusu ya bei ya ile simu ya kaka. Mzee mmoja jirani alikuja akatucheka, dawa za siku hizi maji matupu, zamani ukipiga mara moja unasahau. Ni kweli zilikuwa zinakaa, aldrini na dieldrini zile, ila zilikuwa zinakaa hivyo hivyo kwenye udongo na kwenye miili ya watu, ndo maana Mkataba wa Stockholm wa 2001 ukaziweka kwenye orodha ya kuondolewa. Mi kwenye nyumba yenye kisima siwezi kuzililia.

Hizi za sasa zinaisha nguvu baada ya miaka kadhaa, kwa hiyo tumekubaliana na fundi awe anapita kila baada ya masika, ukaguzi tu, bei ya chini kwa vile mchoro anao. Hela inatoka kwenye kodi ya chumba cha mbele. Mpangaji ameambiwa asiegeshe kitu uchochoroni na mama analisimamia hilo kuliko hata kodi yenyewe, juzi nimesikia amemtoa mtu na godoro lake. Kaka bado anasema nyumba tuiuze, ila hiyo ni ishu nyingine na mchwa hawahusiki.