Kitanda cha Mninga

Pale sokoni Kibaigwa, mama yangu alijulikana kwa ubishi wa bei. Fungu la nyanya angeliacha mezani akaenda meza ya pili na ya tatu, mpaka apate mwenye kumwongeza nyanya mbili. Ndugu wengine walimwita bahili, tena mbele yake. Lakini jikoni kwetu sufuria zilikuwa nene na nzito, na jembe lake lilikuwa limelika likabaki nusu bila kupinda hata siku moja. Dada zake walikuwa wakinunua sufuria nyepesi kila baada ya msimu mmoja au miwili, na hao ndio waliosema mama hatoi hela.

Mwaka 2017 nilikuwa nimeajiriwa Dodoma mjini, nimepanga chumba na sebule Chang'ombe. Mwaka uliotangulia, Julai 2016, Rais Magufuli alikuwa ametangaza kwamba serikali inahamia Dodoma, jambo lililoamuliwa tangu 1973 likasuasua miaka yote hiyo. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alihamia Septemba, watumishi wakaanza kumiminika, kodi za vyumba zikapanda. Kandokando ya barabara zikachipuka karakana za samani. Kila mgeni alihitaji kitanda na kabati, na alivihitaji leo hii, na mafundi walijua.

Mama alikuja kunitembelea na karanga na kuku wawili. Akanikuta nalala kwenye godoro sakafuni. Nikamwambia nina laki mbili, kesho twende tukanunue kitanda.

Fundi wa kwanza alitutolea cha tano kwa sita, kinang'aa, rangi ya kahawia iliyoiva, kichwani kimechongwa maua. "Mninga wa Tabora huo, mama. Wengine nawauzia laki mbili na ishirini, wewe nipe laki na themanini." Mama akamsalimu kwanza, "Mbukwa," akaulizia watoto, akaulizia na mvua za kwao. Kisha akaniambia nishike upande mmoja, tukakilaza kitanda ubavu. Akapiga magoti akachungulia chini, kwenye pembe ambako brashi ya vanishi haikufika. Ubao pale ulikuwa wa manjano hafifu, na vifundo vya duara vikitoa ile harufu ya utomvu wa paina. Akaukwaruza kwa ukucha wa kidole gumba, alama ikabaki.

"Baba, mninga huu umeota Mufindi?"

Fundi akatazama pembeni; Mufindi ndiko kwenye mashamba ya paina. Paina si mbao mbaya, na mama hakusema ni mbaya. Ikitiwa dawa watu wanaezekea nyumba na inakaa. Ubaya ni kuipaka rangi ya mninga na kumuuzia mtu wa Dodoma, mji ambao mchwa wakiingia chumbani hawaulizi kodi ni ya nani. Mama alizaliwa kwenye tembe. Aliona ukuta wa udongo ukibomoka na kujengwa upya, huku nguzo alizochagua babu zikibaki zilezile, kwa sababu babu alikuwa tayari kutembea mbali kutafuta mti mgumu.

Karakana ya pili ilikuwa ya mzee mmoja mkimya, hana kitanda hata kimoja cha kuonyesha. Alikuwa na mbao tu, zimegongwa nyundo ya maliasili, ile alama ya mbao halali, zimepangwa na vijiti katikati ili zipitishe hewa. Akachukua ubao mmoja akaupiga randa mbele yetu. Vumbi likaondoka, ikatokea rangi ya kahawia yenye michirizi myekundu. Akampa mama aupime mkononi. Halafu akatuonyesha ukingoni, palipokuwa na utepe mweupe. "Huu ni mwili wa nje. Huu wadudu wanakula kama mti mwingine wowote. Kinachodumu ni moyo." Bei, laki nne na nusu. Rangi hapaki mpaka mteja aje akikague kitanda kikiwa kitupu.

Mama akatoa laki moja ya kianzio kutoka kwenye fundo la kanga, akaniambia na mimi nitoe laki yangu. Salio, baada ya mahindi kuuzwa.

"Sasa nitalala wapi, mama?"

"Palepale unapolala. Godoro limekuuma?"

Nikalala chini msimu mzima. Juni na Julai za Dodoma zina upepo, unapenya chini ya mlango na kumpata mtu wa sakafuni kabla ya mwingine yeyote. Wenzangu wa kazini walikuja wakaona, mmoja akanishauri nichukue kitanda cha bei poa kwanza nitabadilisha baadaye. Sikumsikiliza, na nafurahi hadi leo. Najua wapo wanaolipwa kwa siku, ambao laki nne haiwezi kukaa mkononi mwao ikasubiri, na hao siwasemi kabisa. Lakini sisi wenye mshahara tuna uwezo wa kungoja, na kungoja ndiko kulikokuwa kugumu kuliko bei yenyewe. Mama alikulia kwenye nchi ya mvua moja kwa mwaka. Kungoja alikujua.

Alirudi Agosti na hela yake. Tukakuta kitanda kimekamilika, hakijapakwa kitu. Akakilaza ubavu kama kile cha kwanza, akapitisha kiganja kwenye chaga, moja baada ya nyingine. Moja ilikuwa na ule utepe mweupe. Hakusema neno, akaigonga tu kwa kidole. Mzee akainama, akatazama, akaitoa. Tukakaa kwenye benchi mpaka alasiri akikata nyingine.

Salio mama alilihesabu lote, noti juu ya noti, bila kuomba apunguziwe hata shilingi. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa mabishano, nikabaki namtazama.

Mwenye kirikuu ndiye aliyeyapata mabishano yote. Alitaka elfu kumi na tano mpaka Chang'ombe. Mama akamwambia Chang'ombe si Kondoa, akaanza kuondoka, akaitwa, akarudi, akaondoka tena. Tulipakia kitanda kwa elfu nane, na kukishusha kwenye gari ikawa juu yake dereva.