Dogo aliyekuwa analala chini ya meza yangu, na jinsi tulivyopata kwao

Mimi nauza chipsi Mbagala Rangi Tatu. Mwaka jana kipindi cha mvua akaanza kulala kijana mmoja chini ya meza yangu, miaka kama 19 au 20 hivi, haongei sana, ukimkaripia anacheka, watu wakamwita chizi na wengine wakawa wanampa pombe acheze wamrekodi. Iliniuma mno. Mama yangu mdogo ana mtoto mwenye ulemavu wa akili so nilijua ninachokiona.

Hela sikumpa, wangemnyang'anya. Nikawa nampa chakula kila siku saa 12 jioni, ndoo ile ile ya kukalia, pale pale, mpaka akazoea akawa anakuja mwenyewe.

Nilipokosea ni kwenye maswali. Kwenu Tandika? Tandika. Kwenu Kigoma? Kigoma. Nikampeleka ofisi moja wakaandika Kigoma kwenye daftari alafu wakasema huyu mtu mzima hatuwezi kumshika, tukarudi. (Angekuwa chini ya miaka 18 ningepiga 116, ile ya watoto, ni bure.) Wiki mbili nzima sikushtuka kwamba dogo anarudia tu neno la mwisho analolisikia.

Ikabidi niache kuuliza niwe namwangalia tu. Alikuwa anaokota ile mikanda ya plastiki ya kufungia maboksi, anaichana kwa meno, anaanza kusuka, na vidole vinakimbia hata haangalii anachofanya. Siku moja mama mmoja muuza vitumbua akasimama, akasema huyu anasuka ukili wa mikeka, huyu wa Rufiji huyu! Akamsemesha Kindengereko, lugha ya huko, dogo akageuka akaangua kicheko, akamshika mkono hataki kumwachia. Mimi machozi yalinitoka.

Hapo tukaenda kwa mjumbe, tukapata barua ya serikali ya mtaa, tukaripoti polisi dawati la jinsia na watoto. Picha yake sikuiweka mtandaoni kwa kila mtu, niliwatumia makonda wa mabasi ya kusini tu, maana ukimwanika hivyo anaweza kutokea yeyote akadai ni ndugu yake. Siku ya nne konda akapiga kutoka Ikwiriri, kuna bibi anamtafuta mjukuu wake tangu Idi. Nikamwomba bibi aniambie alama yoyote ya mwilini, akasema kovu la moto nyuma ya goti la kushoto. Lipo.

Usimpakie tu kwenye basi ukamkabidhi konda. Nilifunga biashara siku mbili nikaenda naye, njiani alianza kupiga kelele na kutaka kushuka, nikamtolea mikanda yake kwenye mfuko akatulia akasuka mpaka tunafika.

Kumbe mama yake alifariki, dogo akapanda lori la mkaa hakuna aliyemwona. Bibi mzee, peke yake hamuwezi, so kabla sijaondoka tulikwenda kwa afisa mtendaji wa kijiji na afisa ustawi wajue kwamba yupo, na bibi akashona namba zetu za simu ndani ya kola za mashati yote ya dogo.

Jumapili huwa napiga. Juzi nikamuuliza, umekula ugali au wali? Akanyamaza kidogo, akasema samaki.