Madoa meusi kwenye ramani ya chuma

Kipande chenyewe hakizidi ukucha wa kidole gumba. Ni chuma cha pua kisichoshika kutu cha aina ya dupleksi, daraja la 2205, kilichokaa tanurini kwa saa moja katika nyuzijoto 850 za Selsiasi kisha kikazamishwa majini. Kazi niliyopewa ilikuwa kuchora ramani ya fuwele zake, yaani kuonyesha, nukta moja baada ya nyingine, atomi zimejipanga kwa mtindo gani (mtindo huo sisi huuita fezi) na fuwele imeelekea upande upi. Chuma hiki kikiwa kizima huwa na fezi mbili zinazokaribia nusu kwa nusu: feriti, yenye atomi kwenye pembe za mchemraba na nyingine moja katikati yake, na austeniti, yenye atomi kwenye pembe na katikati ya kila uso.

Ndani ya hadubini ya elektroni sampuli huinamishwa nyuzi 70, na mwali wa kilovolti 20 huipiga kwa mshazari. Elektroni zinazorudi hupangwa upya na safu za atomi zilizozipitia, na zikifika kwenye skrini huchora mikanda inayokatizana kama chane za ukili kwenye mkeka. Ni mikanda ya Kikuchi, kwa jina la Seishi Kikuchi wa Japani aliyeieleza mwaka 1928. Pembe baina ya mikanda hutambulisha fezi, na mahali ilipokaa kwenye skrini huonyesha mwelekeo wa fuwele. Kompyuta huisoma, huilinganisha na orodha ya fezi, kisha hutoa jibu na kuhamia nukta inayofuata.

Orodha hiyo huiandika mtu. Kompyuta hailinganishi mikanda na kila fuwele iliyopo duniani, bali na zile tu ulizoitajia, na mimi siku ile niliitajia mbili.

Kabla ya kufika huko nilipoteza siku nzima kwenye kung'arisha. Habari tunayoisoma hutoka kwenye tabaka la juu kabisa, lenye unene wa makumi machache tu ya nanomita, kwa hiyo msasa ukiacha fuwele zimevurugika kidogo tu, mikanda hufifia hata kama uso unang'aa kiasi cha kujitazamia. Wangu ulikuwa unang'aa hivyo, na skrini ilionyesha ukungu mtupu. Niliurudisha kwenye kitambaa chenye maji ya silika laini kwa dakika 40 zaidi, ndipo mikanda ikajitokeza.

Ramani ilipokamilika ilikuwa nzuri, isipokuwa madoa meusi, yaani nukta zilizokosa jibu, yaliyojazana kwenye mipaka kati ya feriti na austeniti. Programu ina kitufe cha kusafisha, ambacho huijaza kila nukta nyeusi kwa jibu la jirani yake. Mwenzangu alinishauri nikibonyeze, na nakiri kwamba kidole kilishafika kwenye kipanya. Kitufe hicho kina matumizi yake halali, lakini naona kimeharibu ramani nyingi kuliko msasa mbovu.

Nilichofanya ni kufungua picha ya mikanda ya doa moja. Kama lingekuwa kosa la kung'arisha, mikanda ingekuwa hafifu. Hii ilikuwa mikali, mingi na myembamba, ila haikufanana na ya fezi yoyote kati ya zile mbili. Hapo nikaikumbuka sigma, fezi yenye atomi 30 katika kijisanduku chake kimoja, ambayo huzaliwa katika joto kama lile kwa kuila feriti, na hukifanya chuma kivunjike kwa urahisi. Picha zote zilikuwa zimehifadhiwa, kwa hiyo niliiongeza sigma kwenye orodha na kuzisoma upya bila kuirudisha sampuli kwenye hadubini. Madoa karibu yote yakapata jibu. Kipimo cha eksirei kikaafiki: mahali pale kromi na molibdenamu zilikuwa zimepanda, na nikeli imeshuka.

Si kila mara mikanda humaliza ubishi. Shaba na nikeli hupanga atomi kwa mtindo mmoja, na vipimo vya mchemraba wao vinakaribiana mno, nanomita 0.361 kwa 0.352, hivyo kwa usomaji huu wa pembe huwezi kuzitenganisha, na inakubidi uulize kemia. Rangi za ramani ya mwelekeo nazo huwachanganya wageni, ambao huniuliza eneo jekundu ni madini gani, ilhali jekundu, kijani na buluu ni mielekeo mitatu ya fuwele ileile.

Baada ya sigma kuingia yalibaki madoa machache yaliyojipanga katika mstari mmoja ulionyooka, ukikatiza chembe bila kujali mipaka yake. Huo ni mkwaruzo wangu mwenyewe. Kwenye ripoti nimeuacha mweusi.