Deiwaka wa gemu za mezani: kumbukumbu ya mradi wangu, Januari mpaka Agosti

Kwa ambao hawajui mradi wenyewe: nataka kulipwa kuandika gemu za mezani, zile za kuigiza, D&D (Dungeons & Dragons) na ndugu zake, mnakaa watu wanne watano, mmoja anasimulia, wengine kila mtu ana mhusika wake, ukitaka kuruka ukuta unarusha dadu ndo inasema umeruka au umedondoka. Sitaki kufungua kampuni, sitaki kutengeneza app. Nataka kuwa deiwaka tu, kama wale wanaoshika daladala mwenye gari akipumzika. Kampuni ina kitabu chake, inahitaji kurasa mbili tatu kutoka kwa mtu wa nje, napiga kurasa zangu, nalipwa kwa neno, nashuka. Mchana nina stationery hapa Ngamiani, Tanga, natoa kopi na kupiga picha za paspoti, usiku ndo haya.

Bi mkubwa nilimwambia naandika kampeni, maana ndo wanavyouita mkasa mrefu unaochezwa wiki hadi wiki, akaniuliza ya chama gani. Nikaacha hivyo hivyo.

Januari

Mwezi mzima nimeutumia kutafuta mlango uko wapi. Zamani ulikuwa unaonekana kwa mbali, kulikuwa na jarida linaitwa Dungeon, lilianza 1986, linapokea mikasa ya mtu yeyote anayejua kuandika, na waandishi kibao waliingilia hapo mpaka lilipokoma 2013. Kampuni ya Paizo nao, hawa wenye gemu ya Pathfinder, 2008 walianzisha shindano la RPG Superstar, raundi ya kwanza unabuni kitu kimoja tu cha ajabu, sijui joho sijui kofia, kwa maneno machache, watu wanapiga kura, mshindi anapewa mkasa mzima aandike. Nimesoma hayo nikasikitika kama mtu aliyefika stendi basi limeshaondoka.

Sa hivi milango ni mingi ila midogo midogo. Kuna One Page Dungeon Contest, ipo tangu 2009, unatuma shimo zima, yaani dungeon, pango la vyumba na hatari wanamopita wachezaji, kwenye ukurasa mmoja. Kuna jam, mashindano ya kutengeneza gemu kwa muda mfupi, kwenye tovuti ya itch.io kila wiki, hazilipi ila unapata kitu cha kuonyesha. Kuna DMs Guild, soko la mtandaoni, tangu 2016, unaandika mkasa kwenye dunia za D&D zenyewe unauza mwenyewe, nusu yako nusu yao, lakini ukishauza pale huuhamishi. Na kuna kampuni ndogo ndogo ambazo mara moja moja zinatoa tangazo la wazi, tuma pendekezo, tukilipenda tunakupa kazi. Hizi za mwisho ndo nazilenga. Malipo niliyoona ni senti 3 mpaka 10 za dola kwa neno.

Kitu kilichonipa moyo ni kwamba kanuni za msingi za toleo la tano la D&D ziko Creative Commons tangu Januari 2023, baada ya ule ugomvi mkubwa wa leseni, wenye D&D walipotaka kubana masharti ya kuitumia, yaani unazichukua, unaandika juu yake na kuuza, masharti ni kutaja ulikozitoa. Kurasa 400 na kidogo. Mimi kwa akili za mwenye stationery nikasema naprinti zote, tona ikaisha ukurasa wa 60.

Februari mpaka Machi

Nimetuma. Naona hata aibu kuandika ila hii ni kumbukumbu kwa hiyo iandikwe.

Sisi wa Tanga tuna shimo letu la kigemu kabisa, Mapango ya Amboni, mawe ya chokaa, popo, chumba ndani ya chumba, na ile hadithi kila mtoto wa huku kaisikia ya mbwa aliyeingia humo akaja kutokea Kilimanjaro. Nikaona hii ni dhahabu. Nikaandika maneno 6,200, historia ya jini wa pango kuanzia babu yake, ukoo, nani alimwoa nani, nikatuma yote kwenye tangazo lililoomba pendekezo la maneno 300. Nilijiambia wakianza kusoma watanogewa.

Kimya. Wiki ya kwanza nafungua email kila dakika kumi mpaka bando linaisha, wiki ya sita nikarudi kulisoma lile tangazo taratibu kama mtu anayesoma mkataba wa nyumba, na imeandikwa wazi kabisa: maneno 300, mfano mmoja wa kazi uliyowahi kutoa, atakayejibiwa ni aliyechaguliwa tu. Sikukataliwa bana. Sikusomwa.

Aprili

Tangazo jingine, kampuni nyingine ndogo, wanataka matukio mafupi ya safarini, maneno 800 kila moja, pendekezo la maneno 150. Safari hii nimehesabu. Amboni nimeipeleka tena, imebanwa.

Nimepigwa chini, ila kwa barua! Mhariri kaandika mistari minne. Mazingira kayapenda, jini kampenda, lakini hajaelewa wachezaji wanafanya nini mle ndani. Kamalizia kwamba tangazo bado liko wazi mpaka mwisho wa Juni na naweza kujaribu tena.

Nimeukalia huo mstari siku tatu. Mwanzoni nilikasirika, nikasema huyu hajui Amboni. Halafu nikachukua kalamu nyekundu nikapigia mstari kila sentensi ambayo mchezaji ana kitu cha kufanya, kushika, kuchagua, kukimbia, kwenye pendekezo zima ikapatikana moja. Ilisema wanaingia.

Mei

Niliona nisiandike tena kitu ambacho sijawahi kukichezesha. Shida ya kwanza ni dadu. D&D inataka dadu ya pande 20, na nimepekua maduka ya Ngamiani barabara baada ya barabara, dadu zilizopo ni za ludo. Ya kwenye simu ipo, lakini watu wangu wanaona simu inapendelea. Nikakata vikaratasi 20, nikaandika namba, nikapiga lamination, nikatia kwenye kopo la Blue Band. Unachota, unasoma, unarudisha, unatikisa. Hesabu ni ile ile, kila namba ina nafasi moja kati ya 20, mradi urudishe.

Wachezaji: mpwa wangu wa kidato cha tatu, jamaa wa bodaboda anayepaki mbele ya duka, na dada wa kibanda cha M-Pesa jirani ambaye alisema anakuja kuangalia tu. Tunafunga mlango saa mbili usiku, tunakaa sakafuni kati ya mashine ya kopi na rimu za karatasi.

Tukio nilibadilisha. Amboni nimeiweka kabatini, nikachukua kivuko cha Pangani, pale unapovuka mto kwenda Bweni, nimevuka mara nyingi naijua ile hali, pikipiki, mbuzi, magunia ya nazi, watu wamesimama wanatazama maji. Kwenye gemu yangu kivuko kinakwama katikati ya mto na chini yake kuna jini kashika kamba, haachii. Mimi nilikuwa nimeandaa vita. Jini ana kinga 15, uhai 52, makucha mara mbili kwa zamu, namba zote nimezipanga vizuri kwenye kile kiboksi cha takwimu.

Dada wa M-Pesa hakugusa silaha. Kainama pembeni ya kivuko akauliza, "We, unadai nini?"

Nikababaika. Sikuwa nimeandika jini anadai nini. Nikajibu anadai nauli. Akauliza ya nani, ya lini, na kumbukumbu ziko wapi. Nikabuni pale pale kwamba nahodha wa zamani alimwahidi jini kitu kimoja kwa kila anayevuka, na miaka saba hajalipa. Akamgeukia mpwa wangu aliyekuwa anacheza nahodha, akamwambia wewe ndo umerithi kivuko, na deni umelirithi. Dogo akaanza kujitetea. Jamaa wa boda akasema mimi nalipa changu tu nishuke. Dakika arobaini wamegombana juu ya deni la jini na hakuna aliyechota namba hata moja ya vita, na ndo usiku mtamu kuliko yote tuliyocheza.

Kitu kingine cha usiku ule nisije nikasahau: jamaa wa boda alikuwa harudishi vikaratasi. Anachota 3, anaiweka mfukoni. Nilipomshtukia akasema sasa si zimebaki nzuri tupu? Na ni kweli, ukitoa ndogo kopo linakuwa tamu, ukitoa kubwa mapema kopo linakuwa chungu, na kila mtu anajua limefika wapi. Wizi mtupu, lakini nimeuandika kwenye daftari.

Juni

Pendekezo jipya la kivuko, maneno 150 kamili. Safari hii sijataja historia ya jini kabisa. Sentensi ya kwanza: kivuko kimekwama, kila abiria anadaiwa, na mmoja wenu ndiye mrithi wa deni. Ya pili: njia tatu za kutoka, kulipa, kudanganya, kupigana, na kila moja inabadilisha nani atawasubiri ng'ambo. Nikatuma na mfano wa kazi, kile cha ukurasa mmoja nilichopeleka kwenye jam mwezi wa tano.

Siku tisa. Wamekubali.

Nilikuwa natoa kopi za cheti cha kuzaliwa cha mteja, nikatoa kumi badala ya mbili.

Rasimu ya kwanza ilifika maneno 1,140 na wao wanataka 800, hawaongezi. Kukata ndo nimejifunza kazi hii hasa. Mwanzo wangu ulikuwa hivi: "Miaka mingi iliyopita, kabla mto haujapewa jina, aliishi jini mwenye subira." Maneno matamu, msimulizi mezani hana cha kufanya nayo. Sasa unasema: "Kamba ya upande wa kulia inakazana. Mbuzi watatu wanarudi nyuma kwa pamoja. Injini inaunguruma na kivuko hakisogei." Hapo watu tayari wanauliza mbuzi wameona nini. Vivumishi vimeondoka vyote, babu wa jini kaondoka, nikabaki na 812, nikatoa samaki mmoja nikafika 797.

Kuhusu lugha, kazi ni ya Kiingereza na changu ni cha shule ya kata, niliogopa sana hapo. Kumbe Kiingereza cha kanuni ni kama cha kwenye fomu, kifupi na kinajirudia, ukishika mtindo umeshika. Majina ya viumbe yanakozwa wino, ya uchawi yanalazwa, ugumu unaandikwa namba kwanza halafu aina ya jaribio. Nilitengeneza karatasi ya mtindo nikaibandika ukutani karibu na bei za lamination, mteja mmoja akaniuliza hiyo huduma ni shilingi ngapi.

Julai

Mkataba. Kurasa tatu, nimesoma mara nne. Kwanza, ninachoandika nikishalipwa ni mali yao, jini pamoja na kivuko, siwezi kukiuza kwingine. Pili, siruhusiwi kutaja kitabu wala kampuni mpaka watangaze wenyewe, ndo maana hapa sitaji. Tatu, malipo ndani ya siku 30 baada ya wao kupokea rasimu, na hili nalisifu maana kuna wengine wanasema baada ya kitabu kutoka, na kitabu kinaweza kuchukua mwaka na nusu. Hilo la kwanza liliniuma kidogo, halafu nikakumbuka Pangani yenyewe hawajanunua.

Senti 5 kwa neno mara 800 ni dola 40. Mgogoro ukawa njia ya kulipia. Wao wamezoea PayPal, ile ambayo kila Mzungu anaitaja, kwa akaunti ya Tanzania nilikuwa naweza kutuma, kupokea siwezi. Niliwaambia KABLA sijasaini, na hapo najipongeza, tukakubaliana njia nyingine inayoingia benki. Baada ya makato imefika kama elfu tisini. Ukigawa kwa masaa niliyokaa ni bora ningetoa kopi, na siku hela ilipoingia nilitembea mpaka Raskazone na kurudi bila sababu.

Agosti

Rasimu imerudi na maoni 31 pembeni. Mengi ni madogo. Moja linauliza kwa nini kuna bibi harusi kwenye kivuko na hatajwi tena, nimemtoa, alikuwa anakula maneno 22. Jingine linasema pale mchezaji anaposhindwa kumdanganya jini tukio linasimama, hakuna kinachofuata. Kweli kabisa. Nimeweka kwamba akishindwa jini anakubali uongo ule lakini anataka riba.

La vikaratasi visivyorudi nimeanza kuliandika kama gemu yangu mwenyewe, ukurasa mmoja, ya kopo na namba 20, ya itch.io, hii itabaki yangu. Na pendekezo la maneno 200 limekwenda kwa kampuni ya tatu juzi Jumanne, Amboni ile ile, ila sasa inaanza na mbwa anayetoka pangoni akiwa na vumbi la mlima ambao hauko karibu.

Mhariri kaomba majina ya waliojaribu tukio, yanawekwa nyuma ya kitabu. Mpwa wangu kataka jina la utani, nimemkatalia. Jamaa wa boda kasema iandikwe Kapteni mbele. Dada wa M-Pesa kachukua kipande cha risiti akaandika majina yake matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, herufi kubwa, akanisimamia dirishani mpaka nimemaliza kuyachapa, akasoma herufi moja moja, halafu akauliza yeye kwa yale maswali yake analipwa senti ngapi kwa neno.